Kipimo cha Machi

Miguu ilianza kuvimba mwezi Agosti, wakati upepo wa Dodoma umeshika kasi na vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Nilidhani ni kukaa sana. Kazi yangu ni ya takwimu, na siku nyingi nakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi mpaka ofisi inafungwa. Asubuhi miguu ilikuwa sawa, jioni alama ya soksi ilikuwa imezama kwenye nyama. Baadaye macho nayo yakawa yamevimba kila nikiamka, na mkojo ukawa na povu kama maji ya kufulia. Ndipo nikamwambia mume wangu, Yona. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, ana karakana Kizota. Siku hiyo hakufungua karakana, akanipeleka hospitali mwenyewe.

Sitaeleza figo zinavyofanya kazi. Hilo utaelezwa na daktari wako, pengine kwa mchoro ule ule nilioonyeshwa mimi. Nitaeleza mtu anavyoishi zinapogoma, kwa sababu nilipokuwa naumwa hicho ndicho nilichokitafuta kwa watu na sikukipata.

Mwezi wa Septemba walichukua kinyama kidogo kutoka kwenye figo kwa sindano ndefu. Majibu yalipotoka, daktari, mama mmoja mpole ambaye huongea huku anakutazama machoni, aliniambia kinga ya mwili wangu imegeuka na inashambulia figo zangu. Akasema kuna dawa. Nilimuuliza wangapi wanapona. Akanitajia sehemu ya wagonjwa inayopata nafuu, na ilikuwa sehemu kubwa. Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe tutakufuatilia."

Neno hilo nalijua vizuri. Mradi ninaoufanyia kazi unafuatilia ukuaji wa watoto katika vijiji vya mkoa wetu. Wapimaji huwarudia watoto wale wale, mwaka baada ya mwaka, wakipima urefu na uzito, na takwimu zinakuja kwangu. Tofauti ya kazi hii na kuhesabu watu mara moja ni kwamba kila mtoto anakuwa na mstari wake. Mmoja anaanza chini na kupanda haraka, mwingine anaanza juu kisha anasimama. Ukichora mstari wa wastani unapata picha nzuri ya kijiji, lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyekua kwa kuufuata mstari ule. Nimeyafundisha hayo kwa vijana wengi pale ofisini. Siku ile, nikiwa nimekaa mbele ya daktari na ndala miguuni kwa sababu viatu vya kawaida haviingii, niliyaelewa kwa namna nyingine.

Matibabu yalikuwa vidonge vingi kila asubuhi, na dripu mara moja kwa mwezi kuanzia Oktoba. Vidonge vinavyoitwa predi, wagonjwa wote wa kliniki yetu wanavifahamu. Vinakupa njaa isiyoshiba na usingizi usiokuja, na vinakubadilisha uso. Mashavu yangu yalijaa mpaka macho yakawa madogo. Nywele zilianza kukatika Novemba, zikawa zinabaki kwenye mto. Niliacha chumvi, nikajifunza kula mlenda usio na ladha, na harufu ya nyama choma ya jirani ilinitoa machozi.

Binti yetu, Tumaini, alikuwa darasa la nne. Siku moja nilikwenda kumchukua shuleni, rafiki yake akamuuliza huyu ni nani. Tumaini akasema ni shangazi yake. Tulitembea mpaka nyumbani Mkonze. Tulipofika mlangoni akaniuliza uso wangu utarudi lini. Nilimjibu ukweli, kwamba sijui, lakini daktari anasema dawa zikipunguzwa utarudi. Akaingia ndani. Jioni alikuja na mafuta ya nazi, akanipaka miguu bila kuombwa, na tangu hapo ikawa kazi yake.

Sehemu kubwa ya ugonjwa huu ni kusubiri. Kliniki yetu ina benchi refu la mbao upande wa kivuli, na wagonjwa tunasogea taratibu kuelekea mlango kadiri majina yanavyoitwa. Hapo ndipo nilipomfahamu dada Hadija. Alikuwa mkulima wa alizeti na ufuta kutoka Chemba, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, mwenye ugonjwa kama wangu na uso uliojaa kama wangu. Tulianza dripu mwezi uleule. Alisikia ninavyotamka jina la kijiji cha mama yangu akajua mara moja kwamba nina asili ya Kisandawe. Akanisemesha kwa lugha ile, nikamjibu kwa shida, maana nimekulia mjini na sizitoi inavyotakiwa zile sauti za kugonga ulimi. Alicheka sana. Tangu siku hiyo, aliyefika mapema alimwekea mwenzake nafasi.

Hadija alinifundisha kunyonya kipande cha limau wakati dripu inaingia, ili kichefuchefu kipungue. Mimi nilimsomea majibu yake, kwa kuwa karatasi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mstari tuliokuwa tunautafuta wote wawili ulikuwa ule ulioandikwa creatinine, sisi tukiuita kreatini, uchafu wa damu ambao figo zinapaswa kuutoa. Ukishuka, figo zinapata nguvu. Ukipanda, zinachoka. Mvua za Desemba zilipoanza, kreatini yangu na yake zote zilikuwa zinashuka. Hadija alisema sisi ni mapacha wa benchi.

Februari, wakati nje kote ni kijani, mimi na yeye hatukuonana, maana siku yangu ilisogezwa. Machi nilikwenda, nikamwekea nafasi, hakuja. Nikampigia simu, haikupatikana. Nilipoitwa ndani, daktari alikuwa anaitazama karatasi yangu kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kreatini ilikuwa imepanda, tena sana.

Aliniuliza kama nilitapika baada ya dripu iliyopita. Nilitapika, na kuhara pia. Akasema inawezekana mwili ulipungukiwa maji, na inawezekana figo zinaanza kushindwa. Kwa kipimo hicho kimoja hawezi kutenganisha. Akasema ninywe maji kwa kiasi alichoniandikia, nirudi baada ya wiki mbili tupime tena.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Yona kama nilivyoelezwa. Yeye akamweleza dada yake mkubwa, ambaye anaishi mtaa wa pili, na siku iliyofuata sebule yetu ilikuwa na kikao. Wifi yangu ni mtu wa vitendo. Alikuwa ameshawapigia simu ndugu, ameshaulizia habari za kupandikiza figo, na swali lililokuwa mezani ni nani atakayetoa. Yona akasema atatoa yeye. Mdogo wake akasema Yona ana kazi nzito, atoe yeye. Waliongea kwa upendo, sina la kuwalaumu, lakini waliongea kama vile nilikuwa nimelala chumbani na si kwenye kiti kilekile walichokizunguka.

Niliwaambia tusubiri kipimo cha pili. Nikawaeleza kwamba pointi moja haitoshi, kwamba mtu akipimwa mara nyingi, mara moja moja namba huruka na kurudi, na tunachotakiwa kutazama ni mwelekeo wote. Niliongea kwa sauti ya ofisini, nikisikia mwenyewe ninavyoongea.

Yona alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hii si kazi ya ofisini. Ni wewe."

Yote niliyowaambia yalikuwa kweli, na mimi mwenyewe sikuweza kuyaamini. Wakati wa chakula nilijikuta nampangia Tumaini moyoni, nani atamsuka nywele, nani atajua kwamba hali maharage yaliyolala. Nilikuwa nimeshauchora mstari wote mpaka mwisho kwa pointi ile moja.

Kikao kilikubali kusubiri, bila furaha. Lakini kukaa nyumbani nikisubiri kulinishinda, na nafasi tupu ya Hadija kwenye benchi ilikuwa hainitoki akilini. Katika kazi yetu wapo watoto wanaopimwa mwaka wa kwanza na wa pili kisha hawaonekani tena. Kwenye jedwali wanabaki kama nafasi tupu. Zipo njia za kuzishughulikia nafasi hizo, na zote zinaanzia kwenye swali moja: iko tupu kwa sababu gani. Wanaoacha kuja mara nyingi hawafanani na wanaoendelea kuja. Ukiwahesabu waliobaki peke yao, unaweza kusema kijiji kizima kinaendelea vizuri wakati walio na hali mbaya ndio waliokwisha kuondoka. Nilijua kabisa kwamba Hadija hakuacha kuja kwa bahati mbaya.

Nilimpigia mama yangu, ambaye anaishi kijiji cha jirani na kwao Hadija. Mama akauliza watu wawili watatu, akanirudishia jibu kwamba yupo, anaumwa, na hataki kwenda popote. Nikamwambia Yona nataka kwenda Chemba.

"Wewe ni mgonjwa," akasema, "unakwenda kumtafuta mgonjwa."

Nilimwambia ndiyo. Hatukuelewana siku ile wala siku ya pili yake. Siku ya tatu aliazima gari la mizigo la fundi mwenzake wa Kizota, akatandika godoro dogo kwenye kiti cha mbele, akaniambia tuondoke kabla jua halijawa kali. Hakusema amekubali. Njia nzima alikuwa anapunguza mwendo kwenye kila shimo.

Tulimpitia mama, naye akatuongoza. Mashamba ya alizeti yalikuwa yamechanua pande zote mbili za njia, na udongo ulikuwa bado una maji. Tulimkuta Hadija amekaa kwenye mkeka barazani, miguu imevimba kuliko nilivyowahi kuiona. Kando yake kulikuwa na vitenge vilivyokunjwa vizuri, kimoja kimoja. Alimwamkia mama, mama akaitikia, wakaongea kwa Kisandawe muda mrefu. Mimi nilidaka maneno machache. Baadaye mama alinigeukia akaniambia kwamba Hadija anagawa nguo zake kwa binti zake, ili wasije wakagombana.

Habari yake ilikuwa fupi. Februari kreatini yake ilipanda. Aliambiwa arudi baada ya wiki mbili. Mimi sikuwapo wa kumsomea karatasi, lakini hakuhitaji, aliona uso wa daktari. Akapanda gari akarudi kwao.

"Nilikuja kufia nyumbani," akaniambia, "siyo kwenye benchi."

Yona alikuwa amesimama karibu na gari. Aliinamisha kichwa. Nilikaa kwenye mkeka, nikamwambia Hadija kwamba na yangu imepanda.

Alinitazama. "Wewe?"

"Mimi. Machi."

"Na unarudi?"

"Jumanne ijayo."

"Kufanya nini?"

Nikamwambia sijui kama ninateremka au nimejikwaa tu. Daktari naye hajui. Namba moja haiwezi kutuambia, mpaka ipatikane nyingine ya kuilinganisha nayo. Nikamwambia inawezekana yeye naye amejikwaa.

Alikishika kitenge kimoja, akakinyoosha pembe. "Na kama tunateremka?"

"Tutajua tukiwa hospitali. Zipo njia za kusaidiwa, lakini siyo hapa barazani."

Alimsemesha mama tena kwa Kisandawe. Mama hakunitafsiria, na hata leo sijamuuliza. Mume wa Hadija aliporudi kutoka shambani walizungumza ndani, kisha Hadija akatoka na mfuko wake wa kliniki. Vitenge aliviacha palepale kwenye mkeka. Godoro la Yona lilihamishiwa nyuma ili alale, na mama akakaa naye. Hadija alifikia mjini kwa binamu yake, si mbali na kwetu.

Jumanne tulitoa damu pamoja, tukasubiri majibu pamoja kwenye benchi. Yona alikaa nasi. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye benchi lile mpaka mwisho, kwa kawaida alinishusha akaenda kazini. Alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo si kawaida yake.

Kreatini yangu ilikuwa imeshuka. Haikufika ilipokuwa Januari, lakini ilikuwa imeshuka, na daktari alitabasamu kabla hajanieleza. Nilitoka nje na karatasi yangu. Yona aliitazama karatasi kama mtu anayeisoma ingawa haelewi namba zile, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Hadija alikaa ndani muda mrefu. Yake ilikuwa imepanda tena, zaidi ya ile ya Februari. Hakuwa amejikwaa. Walimlaza siku ileile, na kesho yake wakamwekea mrija shingoni, akaanza kusafishwa damu kwa mashine.

Watu wanaoumwa pamoja hawasemi sana kuhusu hili, kwa hiyo nalisema mimi. Nilifurahi kwa ajili yangu wakati mwenzangu analazwa, na furaha ile sikuweza kuizuia wala kuionyesha. Benchi moja, dawa zilezile, miezi ileile, na mistari miwili iliyoachana. Nilijua kwamba hakuna alichofanya yeye ambacho mimi sikufanya. Nilipokwenda wodini kumwona aligeukia ukutani. Nilirudi mara ya pili, ikawa vilevile. Nilimwachia binamu yake uji na malimau nikaondoka.

Ilipita wiki kadhaa. Dripu yangu ya mwisho ilikuwa Juni, ule wakati wa baridi na upepo, wakati zile alizeti zimekwisha kuvunwa. Nilikuwa natoka nje nimejifunga shuka nikamkuta Hadija kwenye benchi. Uvimbe ulikuwa umepungua, nikamwona jinsi alivyo hasa, mwanamke mwembamba mwenye mashavu yaliyochongoka. Akanisogezea nafasi.

Nilikaa. Kisha akaniuliza, "Siku ile kwangu, ulinidanganya?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia niliyoyasema ndiyo niliyokuwa nayajua.

Akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Ulisema hujui." Baadaye akaongeza kwamba kama angebaki nyumbani, alizeti ile angevuniwa na watu waliotoka kwenye matanga yake. Alisema hivyo bila huzuni, kama anayeeleza bei ya ufuta.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sasa mwaka umezunguka na zaidi. Vidonge vya predi vimepunguzwa mpaka kimoja kidogo. Uso umerudi, nywele zimerudi zikiwa laini kuliko za mwanzo, na Tumaini hunitambulisha kwa walimu kwa sauti kubwa kupita kiasi. Figo zangu hazijapona kabisa, zimetulia, nami hupimwa kila baada ya miezi mitatu. Hadija husafishwa damu mara kadhaa kwa wiki, na mdogo wake anapimwa kuona kama anaweza kumpa figo. Siku nyingine amechoka hawezi kuinuka. Siku nyingine anauza karanga za kukaanga kwa wauguzi. Kazini, wapimaji wetu sasa wakikuta mtoto hayupo huuliza amekwenda wapi na kwa nini, na jibu linaandikwa. Lilikuwa pendekezo langu, na halikupata upinzani.

Watu huniuliza kilichonisaidia. Mafuta ya nazi na binti yangu. Limau. Mume aliyekasirika na bado akaazima gari. Na kurudi, hata siku ambazo sikutaka kujua.

Wiki iliyopita ilikuwa kliniki yangu. Hadija alikuwa amefika kwanza kama kawaida. Msichana mmoja mwenye ushungi wa buluu, mwanafunzi wa chuo kwa kuutazama mkoba wake, alitoka chumba cha daktari akasimama katikati ya baraza kama aliyesahau geti liko wapi. Hadija akajisogeza, mimi nikajisogeza, akakaa kati yetu. Alituamkia, kisha akanipa karatasi yake na kuniuliza kama ni mbaya.

Niliitafuta kreatini nikaiona. Ilikuwa juu. Nilimuuliza kama ana majibu ya nyuma, akasema hana, hajawahi kupimwa maishani mwake.

"Basi hii ni ya kwanza," nikamwambia. "Umeambiwa urudi lini?"

Akasema Alhamisi. Hadija alikuwa ameshatoa limau kwenye mfuko wake na anatafuta kisu.

"Alhamisi na sisi tupo," akasema Hadija. "Tutakuwekea nafasi."